Ubao Mmoja, Mbao Mbili, au Goti Chini

Nyinyi vijana wa Chemchem mnaoniita Mzee Barafu nikipita, mkidhani masikio yangu yameondoka pamoja na meno, nawasikia. Sina kinyongo. Jina hilo nimelifanyia kazi majira ishirini na mawili ya baridi, kwenye mlima ambao theluji yake hufika usawa wa madirisha. Humu mjini kuna mtu anaitwa Mzee Tumbaku na hajawahi kupanda hata mche mmoja. Kwa hiyo niiteni tu. Ila leo nisikilizeni, maana mwaka jana jina hilo nusura limponze mjukuu wangu Kalunde, na mponzaji angekuwa mimi mwenyewe.

Shule niliishia darasa la nne, hivyo mkikuta nimerudia jambo mara mbili, lirukeni.

Kalunde ni mtoto wa binti yangu wa pili. Alisomea mambo ya hoteli, akapata kazi kwenye nyumba ya wageni hapo Kanyenye. Mwaka jana akaomba kazi kwenye hoteli moja ya milimani huko Norwe, nchi ileile niliyofanyia kazi mimi, wakamkubali. Kazi yenyewe ni kushinda na watoto wa wageni kwenye mteremko. Theluji alikuwa hajawahi kuiona, isipokuwa ile inayoganda kwenye friji ya mama yake. Wakamwambia asijali, watamfundisha wenyewe kwa wiki tatu. Wiki ya tatu ikiisha kuna mtihani: ateremke kilima kidogo, watoto wakiwa nyuma yake, awafikishe chini salama. Akifaulu, anabaki hadi theluji iyeyuke. Akishindwa, tiketi ya kurudi. Na pale Kanyenye alikuwa ameshaaga, nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine.

Sasa kabla hajaondoka wakamtumia fomu kwenye simu. Mwishoni kulikuwa na swali moja na visanduku vitatu: utajifunza kipi? Ubao mmoja, mbao mbili za kawaida, au telemark. Ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Akaja kwangu. Angemwendea nani mwingine, Tabora nzima hii?

Niwaeleze hivyo vitu vitatu, ili siku mkiulizwa msiumbuke.

Ubao mmoja ni mpana, miguu yote miwili inafungwa juu yake, unasimama kiubavu kama mtu aliyepanda tela la trekta akitazama mashamba yanavyopita. Kwanza ujue mguu wako wa mbele ni upi, na watu wengi hawajui. Njia tuliyotumia kibandani kwetu, pale tulipokodisha mbao hizi, ni kumsukuma mteja kidogo mgongoni bila kumpa taarifa. Mguu atakaoutupa mbele kujizuia ndio huo. Kuna bwana mmoja nilimsukuma kupita kiasi, akaenda kukumbatia rafu ya kofia. Alipogeuka, amekunja ngumi, nikamwambia kwa adabu zote, "Kushoto." Siku mbili za kwanza za ubao mmoja unaishi kwa makalio. Siku ya tatu unaanza kucheka. Na ukianguka fumba ngumi, usitandaze viganja, kifundo cha mkono hakina mchezo.

Mbao mbili za kawaida, kiatu chake ni kigumu kama ndoo, na kimefungwa mbele na nyuma, vidole na kisigino. Hizi ndizo wanazotumia wengi. Kufuli la kiatu lina springi ndani. Ukianguka vibaya linatakiwa likuachie kabla goti halijakatika. Kazi yangu ilikuwa kulikaza au kulilegeza kwa bisibisi, kufuatana na uzito wa mtu, urefu, umri na ustadi. Hapo ndipo utakapowajua binadamu. Wanawake walipunguza uzito, wanaume waliongeza ustadi. Mwisho niliacha kusikiliza midomo, nikawa natazama jinsi mtu anavyoinama kufungua kiatu chake. Anayesema ni bingwa huku amevaa soksi mbili mbili, huyo hajawahi kuona mlima. Soksi ni moja. Ya pili inabana damu na mguu unakufa ganzi.

Telemark nazo ni mbao mbili, lakini kiatu kinashikwa vidoleni tu. Kisigino kiko huru, kinainuka. Jina ni la mkoa mmoja wa hukohuko. Ukitaka kugeuka, mguu mmoja unautanguliza, wa nyuma unaushusha goti mpaka karibu liguse theluji, kisigino juu. Ukigeukia upande wa pili unabadilisha goti. Kwa kifupi ni kupiga goti. Mtu anateremka mlima mzima anapiga goti, la kulia, la kushoto, la kulia.

Kuchagua namna ya kwenda si jambo geni kwetu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo, akarudi na vitambaa. Bibi yangu alituhadithia kwamba mzigo ulikuwa na namna tatu za kubebwa: kichwani, begani, au kwa mzega, yaani ule mti unaokaa begani na mzigo ukaning'inia huku na huku. Na mnyapara wa msafara hakumuuliza mtu anapenda namna ipi. Alimtazama shingo, akamtazama mabega, akatazama na mzigo, ndipo akampa. Aliyepewa visivyo alijulikana kabla msafara haujafika Tura, mwendo wa siku chache tu kutoka hapa. Hadithi hiyo niliisikia nikiwa mdogo sana, nikaisahau wakati hasa nilipoihitaji. Tutafika huko.

Mtauliza nilifikaje Norwe na darasa la nne langu. Nilikuwa fundi baiskeli Kanyenye. Baba alikuwa mrina asali, kwa hiyo nyumbani nta ilikuwa kama unga, haikosekani. Kulikuwa na Mnorwe mmoja, Ola, aliyekuwa akichimba visima vijijini, mtu mwema, Kiswahili chake kizuri isipokuwa alikuwa akimwamkia kila mtu shikamoo, hadi watoto wa chekechea. Baiskeli yake niliitengeneza mimi. Siku moja akanikuta nashona tandiko, uzi naupitisha kwenye nta kwanza ili usioze. Akanitazama, akaniuliza kama naijua nta vizuri. Nikamwambia nimezaliwa ndani yake. Akasema shangazi yake ana kibanda mlimani cha kukodisha mbao za theluji, kazi ni nta, tupa na bisibisi, na anatafuta mtu mwenye mikono. Nilidhani ni maneno ya kupitisha jua. Makaratasi yakachukua zaidi ya mwaka, lakini nikaenda.

Sasa sikilizeni siku yangu ya kwanza, maana ndiyo siku niliyoaibika kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Asubuhi nimesimama nje ya kibanda, nimepewa fagio nifagie theluji mlangoni. Nimevaa makoti mawili ya Ola. Mara naona mtu anashuka mlimani kwa kasi, anakuja upande wangu. Akakaribia nikaona ni mwanamke, nywele nyeupe zimetoka chini ya kofia, umri wa mama yangu na zaidi. Akapiga goti. Akainuka, akapiga goti jingine. Akainuka, akapiga tena, hatua kumi mbele yangu, uso wake unanitazama mimi.

Nyinyi mmekulia mjini, lakini nyumbani kwetu mtoto wa kike akimwamkia mkubwa anapiga goti. Mkubwa hampigii goti mdogo. Mama mzima, mwenye mvi, ananipigia goti mimi kijana wa baiskeli? Nilichofikiri ni laana. Nikatupa fagio, nikaanguka magoti yote mawili kwenye theluji nimuwahi, nikasema kwa sauti, "Shikamoo mama."

Yeye akaona mtu mgeni kaanguka ghafla. Akazitupa fimbo zake, akanikamata makwapani, ananiinua, anapiga kelele kwa lugha yao waje wasaidie. Kadiri anavyoniinua ndivyo ninavyoshuka, maana mama yule amesimama na mimi nisimame naye? Wakaja watu wawili na machela. Bahati Ola alikuwa ndani. Akatoka, akanisikiliza, akawaeleza. Basi yule mama alikaa chini palepale theluji ikiwa imemfika kiunoni, akacheka mpaka machozi yakamtiririka.

Huyo ndiye Mama Toruni, shangazi yake Ola, mwenye kibanda na bosi wangu kwa majira ishirini na mawili. Tangu siku hiyo kila asubuhi alishuka mlima kwa telemark, na akifika mbele ya mlango anashusha goti la mwisho, anasema, "Shikamoo." Alitaka nimwitikie. Wiki nzima nilikataa, nikamwambia, Ola akitafsiri, haifai, yeye ni mkubwa. Akasema kwao mtu wa kwanza kuanza kazi ndiye mkubwa wa siku, na mimi nilikuwa nafika kabla yake. Nikashindwa hoja. Nikawa naitikia marahaba, huku nimetazama pembeni.

Mwenyewe alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kunoa kingo za chuma za mbao kwa tupa, mkono mmoja unasukuma, kidole gumba kinaongoza, na chuma kikiwa kikali unakijaribu kwa ukucha, kinatoa unga mweupe. Nta aliniachia kwa kuwa nilijifanya najua. Kosa hilo. Nilikuwa nimekwenda na nta yetu kutoka nyumbani, ya nyuki wa baba, kwenye begi. Asubuhi moja ya baridi kali nikaipaka kwenye mbao za wageni kumi na wawili, nikaiyeyusha kwa pasi, nikasugua mpaka zikang'aa kama jeneza la tajiri. Wageni wakatoka, wakajisukuma, wakabaki palepale. Mmoja alikuwa ameshainama tayari kuteleza, akaanguka kwa mbele kama mtu aliyesukumwa. Mama Toruni akaja akagusa ubao mmoja, akanusa. Akaniambia harufu ni nzuri sana. Halafu tukakaa pamoja kuzikwangua mbao ishirini na nne. Ndipo nikajifunza kwamba theluji ya baridi kali ni kama mchanga wenye meno, inaing'ata nta laini. Nta yake lazima iwe ngumu. Kila baridi ina nta yake.

Lakini msicheke mkamaliza. Majira yalipoelekea kuisha, theluji ikawa na maji maji, Mama Toruni akachukua kipande cha nta yetu akachanganya na ya kwake. Mbao zilikwenda kama zimetumwa. Wazee wa kijiji kile wakaanza kuja kibandani kuuliza kama ipo ile nta ya Tabora. Watu ambao hata hawakujua Tabora ni upande gani wa dunia walikuwa wanaitaja, na kila nilipokwenda likizo nilirudi nayo. Hilo andikeni, kama mna mahali pa kuandika.

Telemark pia alinifundisha yeye. Jioni kazi ikiisha, nyuma ya kibanda. Alisema kisigino kilichofungwa ni cha mtu anayetaka kufika, na kisigino huru ni cha mtu anayetaka kwenda. Muda niliochukua kujifunza nitausema baadaye, mnivumilie. Nilipostaafu alinipa mbao zake mwenyewe. Ziko ukutani sebuleni kwangu, juu ya kochi, na kila mgeni lazima azione.

Haya. Kalunde amekaa kwenye kochi hilo, simu mkononi, mbao zile juu ya kichwa chake. Alikuwa ameniamkia amesimama, jicho moja kwenye simu, maana hao wasichana wa siku hizi goti wanalitunza kama akiba. Akasoma lile swali. Wala sikufikiri. Nikamwambia telemark, na mbao hizi utaondoka nazo.

Akauliza kama wiki tatu zinatosha. Nikamwambia yeye ni Mnyamwezi, goti amezaliwa nalo. Akaniuliza mimi nilijifunza kwa muda gani. Nikasema nilianza Jumapili. Hiyo ni kweli, nilianza Jumapili.

Jioni hiyohiyo nilikwenda Kanyenye kwenye baraza la kahawa la Mzee Hamisi, rafiki yangu na mtani wangu tangu enzi za baiskeli. Nikatangaza. Hamisi akamimina kahawa, akauliza kama mjukuu naye atakuwa anaanguka magoti akiona wazungu, au hiyo ilikuwa ya kwangu peke yangu. Watu wakacheka. Nikawaambia wasubiri, mbao zilizotoka mlimani zinarudi mlimani, na zitashuka na damu yangu juu yake. Nilijisikia vizuri sana. Kila nikikumbuka nilivyojisikia vizuri, naona haya.

Ijumaa mchana nikazishusha zile mbao ukutani niziandae. Nikawasha jiko la mkaa, nikaweka pasi, nikaanza kupaka nta. Nta ikiyeyuka kwenye ubao inatoa moshi mdogo wenye harufu, na harufu ile ilinipeleka moja kwa moja kwa mtu mmoja nisiyependa kumkumbuka.

Alikuwa mwalimu, mpole, amekuja mlimani kwa siku mbili tu. Alikuwa ameweka akiba ili aje. Hajawahi kuteleza. Aliniuliza achukue nini. Wakati huo nilikuwa ndio kwanza nimeiweza telemark, nimelewa nayo, namwona kila mtu anayepita na kisigino kilichofungwa kama mfungwa. Nikampa telemark. Nikamwambia ndiyo yenyewe. Siku ya kwanza alianguka hadi mchana. Siku ya pili goti likavimba, akakaa kwenye benchi nje ya kibanda chetu, anatazama wenzake wanavyoshuka. Hakulalamika. Alirudisha viatu, akavipanga vizuri, akanishukuru. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Mama Toruni aliona yote. Alipoondoka yule mwalimu, akanikalisha. Kiswahili alikuwa ameshajifunza kidogo kwangu, cha kwake mwenyewe, lakini alisema polepole ili nisipate pa kujificha: "Wewe umempa mbao unazopenda wewe. Yeye hukumtazama."

Maneno hayo yalinijia nimeshika pasi. Nikamwona Kalunde kwenye benchi lile. Wiki ya tatu, goti limevimba, watoto wa watu wanashuka na mtu mwingine, tiketi iko kwenye meza. Na mimi huku barazani nakunywa kahawa, nasema mbao zimerudi mlimani. Mnyapara wa msafara wa babu wa babu yangu, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, alimtazama mtu shingo na mabega kabla ya kumpa mzigo. Mimi mjukuu wangu sikumtazama hata miguu.

Saa ilikuwa tisa imepita. Simu yangu haikuwa na salio, na ya jirani haikuwa na chaji. Nikasimamisha bodaboda, nikamwambia Kanyenye, na asinipitishe kwenye makorongo ya njia za mkato maana mgongo ni wa zamani. Akanipitisha kwenye makorongo.

Nikamkuta Kalunde uani kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda, simu mkononi.

"Futa," nikamwambia.

"Shikamoo babu. Nifute nini?"

"Marahaba. Hiyo telemark. Umeshatuma?"

"Nimeshaweka tiki, bado kutuma. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

Nikakaa. Bodaboda alikuwa amenitikisa hata pumzi haikutaka kurudi. Mama yake akaniletea maji, akasimama pembeni, amejua kuna jambo.

"Mimi nilichukua majira manne," nikasema.

"Manne ya nini?"

"Ya kujifunza. Majira manne ya baridi ndipo niliposhuka kilima kile bila kuanguka, na nilikuwa na Mama Toruni kila jioni. Wewe una wiki tatu na watoto wa watu."

Akaiweka simu mapajani, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto niliyempakata.

"Ulisema ulianza Jumapili."

"Nilianza Jumapili. Ila Jumapili zilifuatana."

Mama yake akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Kalunde hakucheka. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki yake. Akaniuliza, taratibu, kama hata hivyo visanduku vingine navifahamu au navyo ni vya barazani. Nikamwambia hivyo ndivyo vilivyonilisha, kwa sababu katika wateja kumi waliopita mikononi mwangu, wa telemark alikuwa mmoja, na mara nyingi hakuwapo kabisa.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikamwambia asimame. Nikamtazama. Miguu yake ni mirefu, kiuno kimetulia, mtu wa kutembea na trei ya chai kwenye korido bila kumwaga. Nikamuuliza watoto hao wana umri gani. Miaka minne, mitano, sita. Nikamuuliza mtoto wa miaka minne akianguka nyuma yako utafanya nini. Akasema nitasimama, nitapanda nimfuate, nitamwinua.

Basi jibu amelitoa mwenyewe. Kwenye ubao mmoja, ukisimama mara nyingi unakaa kitako, na kupanda kumfuata mtoto huku miguu imefungwa pamoja ni kurukaruka kama chura, au uanze kufungua mguu. Mbao mbili za kawaida, kisigino kimefungwa, unazipanua nyuma kwa umbo la kipande cha pizza, unasimama popote, unapanda kiubavu hatua kwa hatua, mtoto unamwinua kwa mkono mmoja. Siku ya tano anayeanza anaweza kusimama anapotaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inatakiwa, kusimama. Kupendeza kutafuata.

"Na mbao za ukutani?" akauliza.

"Zitabaki ukutani."

"Itakuuma, babu."

"Imeshauma. Weka tiki."

Akaweka, akatuma. Saa kumi kasoro dakika sita, aliniambia baadaye.

Kabla hajasafiri nilimfundisha kwa siku tatu, palepale uani, kuku wakitutazama. Nilimwambia soksi moja. Nikamwambia goti lake ndilo springi ya kwanza, ya kiatu ni ya pili, goti asilikaze. Mikono iwe mbele muda wote, kama amebeba trei na chai iko juu yake. Na macho yatazame pale unapotaka kwenda, kamwe yasitazame unachokiogopa, maana ukiutazama mti utaufuata huo mti mpaka ukaukumbatie. Nikamwambia kwenye kukodi viatu aseme uzito wake wa kweli. Akasema yeye uzito wake hausemi mbele ya babu. Nikamwambia amwambie fundi, amnong'oneze.

Alipoondoka ikapita wiki, hakuna neno. Wiki ya pili, ujumbe mmoja: amefika, baridi ni ya kweli, anaanguka. Hamisi akawa ananiuliza kila siku, huku anaosha vikombe, kama tiketi ya kurudi ni ya ndege au ya treni. Nilikuwa namjibu, lakini si kwa nguvu yangu ya kawaida. Usingizi nilikuwa naupata kwa vipande.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu, siku ya mtihani, nilikuwa barazani, kikombe cha pili. Simu ikalia, Kalunde ametuma video. Macho yangu hayafai, lakini nikaisogeza mbali, ikatulia.

Mlima, mweupe. Juu kabisa nukta nyekundu inashuka, nyuma yake nukta ndogondogo saba, zimejipanga kama vifaranga. Ile nyekundu inakwenda polepole, inapinda kulia, inapinda kushoto, mikono mbele, trei haimwagiki. Katikati ya mteremko kifaranga kimoja kikaanguka. Ile nyekundu ikasimama palepale. Ikapanda kiubavu, hatua nne, ikainua kwa mkono mmoja. Wakashuka wote, mpaka chini kabisa, mpaka uso wa Kalunde ukajaa kwenye simu, mashavu mekundu, anacheka.

Halafu akatazama chini kwenye viatu vyake. Nilijua anafikiri nini kabla hajafanya. Kisigino kilichofungwa hakikuruhusu goti lishuke. Akachukua fimbo, akabonyeza kufuli la kulia, likaachia. Akabonyeza la kushoto, likaachia. Akashuka kutoka kwenye mbao zake, akasimama kwenye theluji mbele ya simu iliyokuwa ikimrekodi, akapiga goti moja hadi chini, yeye ambaye hata sebuleni kwangu huniamkia amesimama.

"Shikamoo babu."

Nyuma yake nikaona mtu wa hotelini anakuja mbio, amenyoosha mikono, anamwahi amwinue.

Nikaitikia marahaba pale barazani, kwa sauti, ingawa najua video haisikii. Hamisi akawa ameinama juu ya bega langu, kahawa inapoa mkononi mwake, akauliza kama mtoto kaanguka.

"Hajaanguka, Hamisi," nikamwambia. "Ananiamkia."